Mfarishi wa viraka vya kitenge: kutoka kiroba cha fundi hadi kitandani

Chini ya meza ya kila fundi wa nguo za kitenge kuna kiroba cha mabaki: vipande vya mikono, vya kola, pembe zilizobaki baada ya kukata sketi. Vingi huishia jalalani, vingine huwashia mkaa. Ukimwomba kwa adabu na ukamwachia hela ya soda, atakufungulia kiroba uchague mwenyewe. Mfarishi wa viraka, yaani tandiko la kitandani la vipande vilivyoungwa, ambao siku hizi wengi wanauita kwilti, unaanzia hapo.

Na mara nyingi unaharibikia hapo hapo. Anayeanza hubeba kila kipande anachokiona kizuri, kisha akaviunga vyote. Kitenge kina kelele. Ukiweka cha ndege kando ya cha miduara, juu yake cha maua, kila kimoja kizuri kivyake, macho yanakosa pa kutua. Mifarishi ya kisasa unayoiona mtandaoni ikakufanya usimame kidogo haina vitambaa vizuri kuliko vyako. Ina sehemu tupu. Kwa hiyo katika mwongozo huu tutashona miraba 30, na 12 kati ya hiyo haitakuwa na kitenge kabisa.

Kipimo

Kila mraba ni futi moja ukishashonwa. Mitano kwa upana na sita kwa urefu inakupa inchi 60 kwa 72. Kwenye kitanda cha nne kwa sita mfarishi huo utaning'inia nusu futi kila upande, na hivyo ndivyo unavyopendeza. Kwenye cha tano kwa sita utafunika juu tu. Mwenye sita kwa sita ashone miraba 42, saba kwa sita. Kama hujawahi kushona mfarishi, hakuna aibu kuanza na wa mtoto: miraba 12, mitatu kwa minne. Hatua ni zile zile, ila mgongo wako hautaumia sana.

Vitu vya kununua

Kitambaa cha rangi moja, pamba tupu, yadi 2 na nusu. Hii inatosha miraba 12 mitupu na pindo la kuzunguka, na inabaki kidogo ya kuchanganya ndani ya miraba mingine. Poplini ya pamba inafaa, merikani inafaa, na shuka la mtumba la pamba linafaa kuliko vyote kwa sababu limeshafuliwa mara nyingi na halitasinyaa tena. Kwa Dar, mtu akiamka mapema kwenda soko la Karume hakosi shuka la namna hiyo. Nairobi kuna Gikomba. Mashati ya kiume ya mtumba nayo yana pamba nzuri sana mgongoni.

Rangi gani? Nyeupe usiiguse kwa mara ya kwanza. Inaonyesha vumbi na inanyonya rangi ya kitenge kinachochuja. Tandaza vitenge vyako, usiangalie rangi iliyotawala, angalia zile ndogo: kidoa, mstari mwembamba, jicho la ndege. Rangi inayojirudia kwenye vidoa vya vitenge vitatu au vinne ndiyo ya kununua. Mara nyingi huwa haradali, kijivu au buluu iliyokolea. Ukinunua ile kubwa, tuseme chungwa kwa sababu vitenge vyako vina chungwa jingi, kila kitu kitameza kila kitu.

Kitenge pisi moja ya yadi 6 kwa ajili ya mgongo, yaani upande wa chini wa mfarishi. Utatumia yadi 5, moja itarudi kwenye viraka. Doti ya kanga inavutia lakini haitoshi: ukiunga kanga zake mbili kwa urefu unapata kama inchi 60 kwa 86, na wewe unahitaji upana wa inchi 68. Wa mtoto ungetosha vizuri. Unachoweza kufanya ni kukata ule ukanda wenye jina la kanga na kuuingiza kwenye mgongo, usomeke miguuni mwa kitanda. Kama ni zawadi ya harusi, soma jina hilo mara mbili kabla ya kukata. Kuna misemo ya kanga ambayo bibi harusi akiikuta kitandani ataanza kujiuliza umemlenga nani.

Tabaka la kati: blanketi jepesi la zamani, au fliisi ya mtumba. Pamba maalumu ya mifarishi ni shida kuipata madukani kwetu, na ile ya poliesta nene inayouzwa kwa ajili ya mito inavimba na kujikusanya ukifua. Kwa joto la Pwani, hata shuka la flaneli linatosha. Watu wa Arusha, Njombe na Limuru waweke blanketi.

Uzi wa kijivu, bunda moja kubwa. Kijivu hujificha kwenye kila rangi, hutabadilisha uzi kila mraba. Kisha sindano za cherehani namba 14 za kuunga vipande na namba 16 za kupita kwenye matabaka matatu, pini nyingi za kufunga kama zile za nepi, mkasi mkali, chaki ya fundi, rula ndefu, tepu na pasi.

Kitambaa kipi kinafaa

Kiroba cha fundi kina mchanganyiko wa pamba na poliesta, na kwa macho vinafanana. Chomoa nyuzi chache, uzishike kwa kibanio juu ya sinki, uwashe. Pamba inaungua ikinuka karatasi na kuacha jivu laini linalosagika kidoleni. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha tone gumu jeusi. Usichanganye. Poliesta inaweza kuyeyuka chini ya pasi ya moto ambayo pamba inaihitaji, na ukifua, pamba itasinyaa huku poliesta ikibaki vile vile, mraba mzima ukajikunyata.

Fua kila kitu kabla ya kukata, hata vipande vidogo. Vitie kwenye mfuko wa wavu au foronya iliyofungwa. Kwa vitenge vyekundu, vya buluu iliyokolea na vyeusi, lowanisha pembe, ikandamize kwenye kitambaa cheupe kwa pasi. Ikiacha doa, fua tena hadi iache kuchuja, na isipoacha, kirudishe kwa fundi. Utaambiwa utie chumvi au siki. Kwa pamba iliyotiwa rangi kiwandani, siki haishiki rangi na chumvi haiongezi kitu. Maji mengi na uvumilivu ndiyo dawa.

Kushona mraba mmoja, taratibu

Kata kwanza kipimo cha kadibodi ngumu au plastiki chenye inchi 12 na nusu kila upande. Hakikisha pembe zake kwa kupima kutoka kona hadi kona: mistari miwili ya mshazari lazima ilingane. Hiyo nusu inchi ya ziada italiwa na mshono, robo kila upande. Robo inchi hiyo ndiyo sheria pekee ya kazi hii isiyo na mjadala. Kwenye cherehani, shusha sindano, pima robo inchi kwenda kulia, ubandike kipande cha plasta kwenye bati kiwe ukuta wako. Iwe Singer ya mkono au Butterfly ya kukanyaga, ukuta huo utakuokoa.

Sasa kata mikanda. Upana wowote kati ya inchi 1 na nusu na 3 na nusu, mingi ya kitenge, michache ya kile kitambaa cha rangi moja. Usiipime sana.

Chukua kipande kimoja chenye ukubwa wa kiganja, tuseme kitenge cha buluu chenye miduara ya njano. Hiki ndicho moyo wa mraba. Weka mkanda wa haradali juu yake, uso kwa uso, ukingo kwa ukingo, ushone upande mmoja. Fungua, piga pasi, kata mkanda uliozidi ulingane na moyo. Geuza, ongeza mkanda mwingine upande wa pili, mara hii wa kitenge. Endelea kuzunguka. Mikanda ikiwa na upana tofauti, moyo hautakaa katikati, na hilo ndilo tunalolitaka.

Ukifika kama inchi 9, fanya jambo litakalokutia woga: chukua mkasi, ukate mraba wote kwa mshazari, kutoka ukingo hadi ukingo, usipite katikati. Katikati ya nusu hizo mbili ingiza mkanda mwembamba wa inchi 1 na nusu wa rangi inayogongana na zingine, nyekundu ya pilipili kwa mfano. Ukishashonwa pande zote mbili utabaki inchi 1 inayoonekana. Mistari ya pande mbili haitakutana tena sawasawa. Iache hivyo. Mwanya huo mdogo ndio unaoufanya mraba uonekane umeshonwa na mtu.

Ongeza mikanda tena mpaka uvuke inchi 13 kila upande. Weka kipimo chako juu, ukizungushe kidogo uone kinapokaa vizuri, chora kwa chaki, kata. Mraba mmoja umekwisha. Shona 18 kwa namna hii, na usirudie mpangilio mmoja. Miwili au mitatu ifanye iwe na kitenge kimoja kikubwa na mkanda mmoja tu. Mfarishi wote ukiwa na vipande vidogo vidogo unachosha.

Neno juu ya pasi: ikandamize, usiiburute. Ukiiburuta kwenye kipande kilichokatwa kwa mshazari, unakivuta na mraba unapinda. Mwenye pasi ya mkaa aweke kitambaa chakavu juu, maana kaa moja likidondoka kazi ya wiki imekwenda.

Kupanga

Usishone kitu siku hii. Kata miraba 12 ya rangi moja kwa kipimo kile kile, tandaza yote 30 sakafuni, uanze kuhamisha.

Kishawishi cha kwanza ni kupanga kama ubao wa drafti: kitenge, tupu, kitenge, tupu. Ukipanga hivyo utapata kitu nadhifu kisichomshangaza mtu. Jaribu kuikusanya miraba mitupu minane upande mmoja, chini kushoto au juu kabisa, iwe kama ziwa, kisha minne iliyobaki uitawanye. Vitenge navyo viache visongamane upande wa pili. Kama una wasiwasi, tafuta picha za mifarishi ya wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani weusi kwenye kona ya mto huko Alabama. Kwa vizazi kadhaa walishona kwa nguo za kazi zilizochakaa na jinzi kuukuu ili watu wao wasilale na baridi. Mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha jumba la Whitney kule New York. Mistari yao haijanyooka hata kidogo, na kila kipande kipo mahali pake.

Ukishapanga, panda kwenye kiti upige picha kwa simu, halafu uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Rangi zikiondoka unabaki na mwanga na giza. Picha ikiwa ya kijivu kimoja kila mahali, vitambaa vyako vina ukolevu mmoja. Ingiza cha rangi hafifu sana na cheusi sana. Kukiwa na mraba mmoja unaochomoza kama jino, uhamishe.

Kisha iandike miraba namba kwa chaki upande wa nyuma, kabla watoto hawajapita.

Kuunga uso

Uso ni upande wa juu wa mfarishi. Shona safu kwa safu. Mishono ya safu ya kwanza ipigwe pasi kwenda kulia, ya pili kushoto, ya tatu kulia. Safu zikikutana, mishono itafungana na pembe zitalingana bila kuhangaika. Hapa hakuna la ziada, ni kushona tu.

Matabaka matatu

Kata pisi ya mgongo mara mbili kwa inchi 80, uunge kwa urefu, upunguze upana ubaki inchi 68. Mgongo na tabaka la kati vizidi uso kwa inchi 4 kila upande. Fagia sakafu vizuri. Laza mgongo, uso wake ukitazama chini, uubandike kwa selotepu ukae umenyooka bila kuvutika sana. Juu yake blanketi, juu ya blanketi uso wako. Pitisha viganja kutoka katikati kwenda pembeni kuondoa mikunjo.

Sasa pini, kila baada ya upana wa kiganja, kuanzia katikati. Asiye na pini apige bandi ndefu, yaani mishono ya muda, kwa mkono. Inachosha zaidi, lakini ukishona kwa mashine haikwami.

Kudarizi

Kudarizi hapa ni kushona matabaka yote matatu kwa pamoja. Kwa cherehani, mistari iliyonyooka inatosha na inapendeza kwenye kazi ya kisasa. Chora mistari iliyoachana inchi 2, anza na wa katikati, endelea kuelekea pembeni. Mstari mmoja ushone kutoka juu kwenda chini, unaofuata kutoka chini kwenda juu. Ukienda upande mmoja siku zote, mfarishi unajipinda. Weka sindano namba 16, refusha mshono, na ulegeze skrubu ya juu inayokandamiza mguu wa cherehani ili matabaka yapite bila kusukumana. Ule mzigo mwingine usining'inie; kunja vizuri, uweke kiti nyuma ya mashine kiubebe.

Kwa mkono, tumia uzi mnene wa kufumia na mishono mirefu inayoonekana. Mimi naona inaupa kitenge heshima zaidi kuliko mashine, ingawa itakula jioni nyingi. Na kama blanketi ni nene mno, funga tu: penyeza uzi mnene, fundo mbili, kila baada ya inchi 4.

Asiye na cherehani kabisa ana njia ya ndugu zetu wa mbali. Wasidi wa Karnataka, kusini-magharibi mwa India, ni wazao wa Waafrika, wengi wao waliochukuliwa kutoka upande wetu huu wa bahari na kupelekwa huko na biashara ya utumwa, wengine kupitia Goa ya Wareno. Wanawake wao hushona mifarishi inayoitwa kawandi, kwa sindano na uzi tu. Wanatandaza sari kuukuu, wanakunja ukingo wa kiraka, wanaanza kwenye kona na kuzunguka pembeni, mstari baada ya mstari, wakiongeza viraka hadi wafike katikati. Kuunga na kudarizi kunakwenda pamoja, kwa hiyo hakuna pini, hakuna kupima, na ukingo unamalizika mwanzoni. Kwenye pembe nne wanaweka vipande vidogo vya pembetatu vilivyokunjwa, wanavyoviita phula, yaani maua. Bila hivyo kazi huhesabika kuwa ipo uchi. Kwa mfarishi wa mtoto, njia hii haina mpinzani.

Pindo

Kata tabaka zilizozidi zilingane na uso. Kata mikanda saba ya inchi 2 na nusu kutoka kile kitambaa cha rangi moja, uiunge kwa mshazari iwe mkanda mmoja mrefu, uukunje katikati kwa urefu, upige pasi. Ushone kwenye uso, kingo mbichi zikilingana. Ukibakiza robo inchi kufika kona, simama, kata uzi. Kunja mkanda kwenda juu ufanye mshazari, kisha urudishe chini ulale sambamba na upande mpya, uanze kushona kutoka ukingoni. Ukigeuza pindo kwenda mgongoni, kona itajikunja yenyewe vizuri. Upande wa mgongo malizia kwa mkono, mishono ya siri.

Kabla hujamaliza, shona kona moja ya mgongo kipande chenye jina lako, mahali na mwaka. Wino wa kalamu hufifia. Uandike kwa uzi.

Fua kwa maji ya baridi na sabuni isiyo kali, anika kivulini, kwenye kamba mbili ili uzito usivute mshono mmoja. Jua la saa sita linakula buluu haraka.

Kuipiga picha na kuionyesha

Kazi nyingi nzuri zimeuawa na picha iliyopigwa usiku chini ya taa ya njano. Piga asubuhi au jioni, nje, kivulini chenye mwanga. Utundike kwenye kamba au washike watu wawili, simu iwe usawa wa katikati ya mfarishi, pande zake zilingane na pande za kioo. Usivute kwa kukuza, sogea. Kisha piga picha tatu za karibu: mraba mmoja unaoupenda, mishono ya kudarizi, na mgongo, hasa kama una jina la kanga. Moja ukiwa kitandani pia, watu wapate kipimo. Kama inaenda WhatsApp, itume kwa ubora wa HD au kama dokumenti, maana ikibanwa nyuzi hazionekani. Status inaondoka baada ya saa 24, kwa hiyo picha nzuri iweke pia mahali inapokaa.

Andika chini yake: ukubwa kwa inchi, vitambaa, tabaka la kati ni nini, umedarizi kwa mkono au mashine. Kama mpangilio umeutoa kwa mtu, mtaje. Kama fundi fulani alikupa kiroba, mshukuru kwa jina akiridhia, mabaki yatakuja tena. Na kama mfarishi unauzwa, andika bei. Ile ya "bei njoo inbox" inafukuza wateja makini na kukuletea wadadisi. Bei yenyewe ihesabu kwa vitambaa, uzi, na saa zako za kushona pamoja na zile za kupanga sakafuni, ambazo wengi hawazihesabu.